VFR800 inazima ikipata moto, naomba ushauri

Heshima kwenu wakuu. Nina pikipiki ya Honda VFR800 ya 1999, ile ya injekta (inapuliziwa mafuta, haina kabureta). Asubuhi inawaka bila shida, ila ikipata moto kwenye foleni ya Mwenge taa zinafifia, pampu ya mafuta inalia kinyonge, kisha inazima. Fundi kang'ang'ania injekta zisafishwe. Mimi nina mashaka. Nimepima betri: injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kuvuta mafuta) inasoma volti 13.1, nikivuta hadi mizunguko 5,000 kwa dakika inashuka 12.4 badala ya kupanda kwenye 14. Soketi ya zile nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya chaji (inayozalisha umeme) kwenda kwenye regyuleta (inayodhibiti chaji ya betri) imeungua, plastiki imekuwa kahawia. Nianze na regyuleta au koili ya chaji? Na nikikata soketi nikalehemu nyaya moja kwa moja, kuna ubaya? Regyuleta ni ghali, sitaki kununua kwa kubahatisha.