Heda ya kombaini inapanda vizuri asubuhi, mashine ikipata moto inagoma nusu

Shamba_Kubwa
Wakuu habari za kazi. Heda, ile sehemu ya mbele ya kombaini inayokata, inanitesa na ngano imeshakauka inasubiri. Mashine ikiwa baridi heda inapanda fresh, ila tukishakata kwa muda inaanza kupanda polepole, mwisho inafika nusu inagoma kabisa hata ukikanyaga resi yote. Kushuka inashuka kawaida, na rili (lile gurudumu la juu ya heda linalovuta ngano kwenye kisu) inapanda na kushuka bila shida hata mashine ikiwa ya moto. Alafu nikizima nikaacha heda juu, asubuhi naikuta imelala chini na hakuna tone la oili lililomwagika. Oili iko leveli, filta ni mpya. Fundi kasema pampu imekufa ninunue nyingine. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Dereva_Kombaini
Pole mkuu. Mimi naona fundi yuko sahihi, oili ikichemka inakuwa nyepesi, pampu iliyolika inashindwa kuibana. Rili usiifanye kipimo, ile ni nyepesi hata pampu iliyochoka inainyanyua.

FundiOili
Ya rili ni kweli, ila pampu usinunue bado. Chochote kinachovujisha oili ndani kwa ndani kitakupa dalili hiyohiyo ya kugoma ikipata moto, na relifu valvu, ile inayoachia oili irudi tanki presha ikizidi, ni mojawapo. Na hiyo ya heda kulala usiku haihusiani na pampu kabisa. Silinda za heda nyingi ni za njia moja, oili inasukuma juu, kushuka inashuka kwa uzito wake yenyewe, kwahiyo sili ikiwa mbovu ungeona oili nje. Kama nje ni pakavu basi inarudi tanki kupitia chek valvu (ile inayozuia oili isirudi nyuma) au valvu ya kushushia.
Funga geji ya presha kwenye laini ya pampu, nyanyua heda mpaka mwisho, shikilia swichi usome. Pima ikiwa baridi, upime tena ya moto, ulinganishe na kitabu cha mashine. Ikishuka sana ya moto, shika bodi ya relifu kwa nje. Oili inayopenya kwa presha inageuka joto, ukikuta relifu inaunguza kuliko vyuma vya jirani hapo ndipo inapopotelea.
Na tafadhali, kabla mtu hajaingia chini ya heda weka stopa ya silinda, usiamini valvu hata kidogo, hasa hiyo yako ambayo tayari inaachia. Uvujaji usiutafute kwa mkono, pitisha kipande cha boksi. Oili ya presha ikikupenya kwenye ngozi unaona kitobo kidogo tu ila ndani inaua nyama, unaenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hakuumi.

Waya_Mwekundu
Mi naongezea umeme. Koili ya solenoidi, ile sumaku ya umeme inayofungua valvu, ikichemka nguvu yake inapungua, valvu haifunguki yote. Hamisha koili ya rili uweke kwenye heda kama zinafanana, haina gharama. Au heda ikigoma bonyeza kile kipini cha valvu kwa mkono, watu wakiwa mbali na heda. Ikipanda, shida ni umeme sio oili.

Shamba_Kubwa
Mrejesho wakuu. Kubadilisha koili hakukusaidia, kipini nacho hola. Geji ikiwa baridi ilifika kwenye bar 190, ya moto haikuvuka 110, kitabu kinataka 200. Relifu ilikuwa haishikiki kwa moto kama FundiOili alivyosema. Tumeichomoa, oringi yake (ile raba ya duara ya kuzibia) imekatika na kipande hakipo. Chek valvu tumekuta imekaliwa na uchafu kama punje ya mchanga pale inapokalia. Tumesafisha, tumeweka oringi mpya, sasa ya moto inasoma 195 na heda inafika juu bila kusita. Kama itashikilia usiku nitaona kesho.

FundiOili
Safi sana mkuu. Hicho kipande cha oringi kitafute, fungua filta uangalie kwenye karatasi, kama hakipo angalia chini ya tanki na kwenye chujio la kunyonyea. Heda ikilala tena kesho, chek valvu usiisafishe mara ya pili, badilisha na kiti chake, maana mchanga ukishachora pale hapashiki tena.

Dereva_Kombaini
Na ukifungua filta angalia kama kuna vumbi la chuma linalong'aa. Likiwepo pampu nayo inalika, hata kama presha imerudi.