Mbwa wangu ananguruma nikisogelea bakuli lake, tupeane uzoefu

Baba Nuru
Wakuu, habari za usiku. Nina mbwa wangu Simba, chotara wa Kijerumani, ana mwaka na miezi minne. Mchana watoto wanamvuta masikio na hana neno. Ila usiku nikishamwekea dona na dagaa, si yule tena. Juzi nilipita hatua kama tatu kutoka kwenye bakuli, nafuata ndoo. Akaacha kutafuna. Hakuinua kichwa, alikakamaa mdomo ukiwa bado kwenye chakula, jicho likanigeukia mpaka weupe ukaonekana, kisha ikatoka sauti ya chini, kama pikipiki inayowashwa mbali. Nimemlea tangu ana wiki sita. Iliniuma, na kusema kweli niliogopa. Mliopitia hili mlifanyaje?

Kifaru wa Goba
Wangu yuko hivyohivyo. Naweka kambi hapa.

Mzee wa Mbuzi
Huyo ameshakupanda kichwani. Akinguruma, fimbo moja ya mgongoni, bakuli unanyanyua, alale njaa. Marehemu baba alifuga mbwa wa machungani kule Singida miaka yote, hakuna aliyethubutu.

Dada Mkulima
Shikamoo mzee. Mbwa wa machungani alikuwa anatupiwa tonge lake pembeni, nani alimfuata? Usimshauri mwenzako ampige mnyama mwenye chakula mdomoni.

Mzee wa Mbuzi
Marahaba. Sijasema amuue, nimesema amfundishe adabu.

Mama Wawili
Nilikuwa nasoma kimyakimya, ila hapo kwenye fimbo siwezi kunyamaza. Sisi tulipiga.

Popi wetu alianza kama huyo Simba. Kila akinguruma mume wangu anamshushia fagio. Mwezi wa tatu akanyamaza kabisa. Tukafurahi, tukasema ameshika adabu.

Ikaja kipaimara cha binti yetu. Uani turubai, wageni, kuku, mbuzi, watu wanadondosha mifupa chini tu. Nani alimfungulia mbwa mpaka leo sijui. Mwanangu mdogo, miaka 5, mpira wake ukabingirika chini ya meza, akainama kuuchukua. Popi alikuwa humo na mfupa wa paja. Hakunguruma. Hakubweka. Nilisikia meza imegongwa na sahani zinaanguka. Nilipomvuta mtoto, shavu lilikuwa limefunguka kutoka chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Mpira alikuwa bado ameukumbatia.

Mmoja anakimbilia mafuta ya taa, mwingine anadai ipakwe pilipili. Mungu saidia alikuwepo jirani yangu muuguzi. Akambeba mpaka bombani, sabuni ya kipande, maji yanatiririka, dakika 15 kwa saa ya mkononi. Mtoto analia, mimi nalia, yeye anaosha tu. Ndipo hospitali. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa usiku uleule pamoja na sindano za kuzunguka kidonda, halafu siku ya tatu, ya saba, zikaendelea. Popi akafungwa siku 10 akiangaliwa. Alikuwa na cheti cha chanjo, hakuugua. Mtoto amepona, kovu lipo.

Popi alituambia miezi yote ile kwamba anaogopa kunyang'anywa. Sisi tukamziba mdomo.

Kifaru wa Goba
Mwili umenisisimka. Pole sana mama.

Fundi Umeme
Pole. Mbwa mlimfanyaje?

Mama Wawili
Yuko shamba kwa kaka yangu, kwake hakuna watoto.

Fundi Umeme
Mbwa aliyeng'ata mtoto usoni unampelekea mtu mwingine? Huyo alitakiwa kuchomwa sindano apumzike.

Mama Wawili
Kaka anajua kila kitu, na banda lina kufuli. Baba watoto alisema kama wewe. Naombeni msinihukumu, nililala macho wiki nzima kwa uamuzi huo.

Bin Said Tanga
Ndiyo maana kwetu mbwa hakai na watu. Banda lake mbali, anafunguliwa usiku wa kulinda.

Dada Mkulima
Kaka, mambo ya wapi akae yana uzi wake. Hapa tunaongelea bakuli.

Kijana wa Sakina
Mimi nilikuwa natia mkono kwenye chakula chake tangu kadogo ili anizoee. Hajawahi kuninung'unikia.

Bibi Harusi
Una bahati. Dada yangu alifanya hivyohivyo, mbwa akaanza kumeza bila kutafuna ili awahi kabla mkono haujafika.

Afisa Mifugo Kata
Baba Nuru, kunguruma ni onyo, usilizime. Kwanza mpe dawa ya minyoo. Mbwa anayekula mara moja kwa siku, tena na minyoo tumboni, ni rahisi agombanie. Gawa chakula mara mbili. Akila usimguse, usimnyang'anye. Pita mbali pale ambapo hashtuki, mrushie kitu kitamu kuliko alichonacho, ini kwa mfano, endelea na safari yako. Fanya hivyo kila siku. Akikuona akainua kichwa na mwili umelegea, kesho sogea hatua moja. Akikakamaa, umeharakisha, rudi nyuma. Watoto wasihusike kabisa. Akiiba kandambili ni vilevile, usimkimbize, badilishana naye. Na mbwa aliyebadilika ghafla, anatokwa mate, hawezi kumeza, msimsogelee. Piga ofisi ya mifugo.

Kifaru wa Goba
Ini na mshahara wangu haviendani mkuu. Utumbo wa kuku je?

Afisa Mifugo Kata
Unafaa. Uchemshe.

Mzee wa Mbuzi
Mama Wawili, nimeisoma habari yako mara mbili. Mungu amlinde huyo mtoto.

Baba Nuru
Leo siku ya tisa. Bakuli nimelihamishia nyuma ya nyumba, geti dogo nalifunga watoto wasipite. Narusha firigisi nikiwa mlango wa jikoni. Juzi alinguruma, nikarudi hatua mbili. Leo aliposikia kandambili zangu akainua kichwa mwenyewe, pua imejaa dona, anautazama mkono wangu.