TUPEANE UZOEFU: Ndugu anatoka jela kichwa hakijakaa sawa, analala wapi na dawa anapata wapi?

Binti Pasua (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo zenu. Niko Moshi, Pasua. Kaka yangu ametoka mwezi wa tatu, alihukumiwa miaka sita akakaa minne, si mnajua ukitulia wanakutolea theluthi. Kwa hiyo tarehe tuliijua mapema, muda wa kujipanga tulikuwa nao na hatukujipanga, nasema wazi maana linaniuma mpaka leo. Tulichojipanga ni pilau. Mama alichinja kuku wawili, tukakodi Noah tukaenda kumpokea, watu wakala wakacheka wakapiga picha, saa mbili usiku wakaondoka tukabaki tunaangaliana, haya huyu analala wapi? Nyumba ina vyumba viwili, kimoja cha mama kingine changu na watoto. Akalala sebuleni kwenye kochi.

Kumbe kule ndani mwaka wa pili alianza kusikia watu wanamwita na hawapo, akawekwa kwenye dawa, anameza kila siku mbele ya mhudumu. Gereza silitaji, ila alitoka na vidonge vya siku tano kwenye kibahasha bila karatasi hata moja ya kuonyesha anatumia nini. Siku ya sita hana kitu. Na mimi sikujua maana aliona aibu kusema. Wiki ya tatu usingizi ukakata kabisa, saa kumi na moja alfajiri namkuta amesimama wima mlangoni, namuuliza kaka vipi, anasema nasubiri kuhesabiwa. Ukimwita anaitika "ndio afande". Akitaka kwenda chooni anamwomba mama ruhusa, mama yake mzazi jamani, mama anaenda kulia jikoni.

Kihamba chake, shamba lake la ukoo, kipo huko Old Moshi lakini baba mdogo alishaweka banda la ng'ombe, anasema huyu akirudi huku na hali hiyo atakuja kuchoma nyumba ya mtu. Hajawahi kuchoma hata jani.

Pole nimepewa nyingi, asanteni. Naomba aliyepitia aniambie alifanya nini, aliyetoka mwenyewe, ndugu, nesi, mwenye nyumba, yeyote. Nimpangishie geto akae peke yake au abaki hapa kwenye kochi?

Fundi wa Majengo

Dada usimpeleke geto peke yake. Nasema kama mtu niliyetoka mwenyewe. Nilikuwa gereza la Karanga hapo hapo Moshi na kule ndiko nilikojifunza viatu, kukata ngozi, kushona, kupiga soli, na leo ndio kazi inayonilisha. Ila usiku ndio ulikuwa na shida. Ndani unalala na watu wengi mmebanana, unamsikia mwenzako akikohoa, taa inawaka usiku kucha, miaka mingi. Siku naachiwa shemeji akanipa chumba kizuri kabisa, godoro jipya, nikafunga mlango nikazima taa nikahisi nazikwa. Niliamka nikaenda kulala kwenye korido ya nje karibu na mbwa. Watu wakasema kesho yake huyu tayari. Sikuwa tayari wala nini, nilikuwa natafuta sauti ya kitu kinachopumua.

Kilichonisaidia, fundi mmoja mzee pale kwetu alinichukua nikawa nalala kwenye kibanda cha kazi na kijana wake, wawili, taa inawaka. Miezi minne. Hakuniuliza nilifungwa kwa kosa gani mpaka nilipomwambia mwenyewe. Baadaye ndio nikapanga. Kwa hiyo kochi la sebuleni sio baya kama unavyofikiria, muachie taa, na hilo la kuomba ruhusa ya choo linaisha msimcheke na msimkaripie, mama amjibu tu "nenda mwanangu".

Kingine angalia namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, iko wapi, maana laini ya simu inasajiliwa kwa hiyo. Mimi laini ilikuwa imeshafungwa, hela ya kibarua natumiwa kwa simu ya mtu, nikaliwa mara mbili.

Nesi mstaafu, Sakina

Mwanangu marahaba. Nimefanya kazi wodi ya akili na kliniki miaka mingi, sasa nimestaafu niko Arusha. Hiki unachoeleza nimekiona sana na karibu kila mara kinaanzia hapo hapo kwenye bahasha. Dawa za kuzuia hizo sauti ukizikata ghafla ugonjwa haurudi siku hiyo hiyo, unarudi baada ya wiki kadhaa, ndio maana familia haiunganishi, wanasema mbona alitoka mzima, amerogwa hapa nyumbani. Hajarogwa.

Mpeleke kliniki ya akili hospitali ya mkoa, usisubiri karatasi za gerezani. Waambie wazi alikuwa ndani na alikuwa anatumia dawa, kama anakumbuka rangi na ukubwa wa kidonge inasaidia. Uliza habari ya sindano ya mwezi, kwa mtu asiye na pa kulala pa uhakika sindano inamsaidia kuliko vidonge, maana vidonge vinaibiwa, vinaloa, vinasahaulika kwenye mfuko wa suruali. Shingo ikikaza, mate yakitoka, miguu ikawa haitulii, msimwachishe dawa, rudini haraka sana, hayo ni madhara ya dawa na yanatibika. Wengi wanaacha kwa sababu ya shingo tu. Na hapo hapo hospitalini ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, mweleze afisa hali ya kipato.

Kwa wale ambao ndugu zao bado wako ndani: nendeni siku ya kutembelea miezi miwili mitatu kabla, mkaombe aandikiwe barua ya rufaa na dawa za kufika tarehe ya kliniki. Sio fadhila mnaomba. Umoja wa Mataifa walipitisha kanuni za kuhudumia wafungwa mwaka 2015 wakazipa jina la Mandela, mzee wa watu aliyekaa ndani miaka 27, na kanuni ya 24 inasema matibabu ya mfungwa yawe sawa na ya mtu wa uraiani na yaendelee bila kukatika.

Na kama ndugu yako alikuwa anatumia unga, dawa za kulevya, kabla ya kufungwa muangalie sana wiki mbili za kwanza. Mwili umeshasahau, akipiga kipimo chake cha zamani anakufa. Nimeshawafunika shuka vijana kwa hilo.

Mama wa Ngaramtoni

Mimi wa kwangu hakupitia jela ya kawaida. Alimjeruhi mtu akiwa mgonjwa, mahakama ikaona hakuwa na akili timamu akapelekwa Isanga kule Dodoma, kwa wagonjwa wa akili wenye kesi, pale karibu na hospitali ya akili ya Mirembe. Sina neno baya na waliomhudumia, alinenepa, akaanza kuniuliza ng'ombe kwa majina yao. Tabu ikaja siku tulipoambiwa ana nafuu, ndugu tujiandae kumpokea. Kikao cha ukoo kilikaa mara tatu. Kila mtu anasema "arudi lakini sio kwangu". Nauli ya kumfuata nilikuwa nayo kwenye khanga, mahali pa kumleta sina.

Mwisho nilienda kwa familia ya yule aliyejeruhiwa. Peke yangu, na kilo mbili za sukari. Nikawaambia mtoto wangu alikuwa anaumwa na anatumia sindano na kadi ya kliniki hii hapa muione. Yule baba alikaa kimya muda mrefu akaniambia mama mlete, ila tarehe ya sindano niwe naijua na mimi. Mpaka leo anaijua, ikifika tarehe ananipigia simu kabla sijakumbuka. Mwenyekiti wa kitongoji alipoona wale wamekubali naye akakubali. Nimejengea mwanangu chumba cha mabati mita kumi kutoka mlango wangu.

Dereva wa Kisongo

Wazee wa Arusha mtakumbuka mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda pale AICC, jengo la mikutano, ilianzishwa 1994 ikafungwa mwisho wa 2015, mahabusu wao walikuwa wanakaa kwenye eneo la gereza la Kisongo. Nimeendesha teksi miaka hiyo yote. Kuna walioshinda kesi na waliomaliza vifungo wakakosa nchi ya kuwapokea, wakawa wanakaa hapa hapa mjini kwenye nyumba ya kulindwa. Yupo aliyeachiwa huru 2004, akabaki Arusha mpaka Desemba 2021 walipopelekwa Niger wakiwa wanane, na mwezi haujaisha Niger ikawaambia waondoke.

Siongelei makosa ya Rwanda, wafu wale ni wengi na inauma. Naongelea hili la binti. Umoja wa Mataifa wote na mabilioni yao walishindwa swali la mtu akitoka anaenda wapi, sasa dada mmoja wa Pasua na mama yake kwenye vyumba viwili wanajilaumu nini. Mmefanya zaidi ya hao.

Mkibosho wa Leicester

Niko Uingereza miaka kumi na mbili, nafanya kazi nyumba ya watu waliotoka jela. England sheria ya 2017 ilibana, tangu Oktoba 2018 gereza likiona mtu atakosa makazi ndani ya siku 56 linatakiwa kumtaarifu halmashauri, mwenyewe akikubali. Baadaye wakaleta vitanda vya muda, mpaka siku 84, kwa wasio na pa kwenda. Kuna na huduma inaitwa RECONNECT, inaanza wiki 12 kabla hujatoka na kukufuata hadi miezi sita nje, kazi yake kukushika mkono mpaka kliniki. Hata siku ya Ijumaa waliitungia sheria 2023, maana mtu akitoka Ijumaa ofisi zinafunga, mpaka Jumatatu keshalala barabarani, keshakunywa, keshakamatwa.

Na bado wapo wanaolala nje, nawaokota mwenyewe asubuhi. Ila tulichoiga tukakitumia kule kwetu Kibosho kwa binamu yangu ni hiyo ya wiki 12. Tulipiga hesabu nyuma toka tarehe ya kutoka: nani analala naye, kliniki lini, nani anamsindikiza. Na tukaomba padri asimtangaze kanisani. Dada angalia pia siku, kama mnampeleka kliniki mara ya kwanza iwe Jumatatu au Jumanne, sio Ijumaa.

Mwenye nyumba, Ngarenaro

Nitasema ukweli mnitukane. Nilishamkatalia kijana kwa sababu hiyo, barua ya mtaa alikuwa nayo, kodi ya miezi mitatu anayo, nikasema chumba kimepata mtu. Hakikuwa kimepata mtu. Baadaye nikasikia alikuwa analala stendi. Mwaka jana nimempokea mwingine, sharti langu moja, dada yake alinipa namba ya simu na tarehe ya kliniki. Hajanisumbua. Yule wa kwanza simjui alipo.

Binti Pasua (mleta uzi)

Nimesoma yote nikamsomea na mama. Shikamoo mama wa Ngaramtoni, nimekuelewa hasa hiyo ya sukari, Jumamosi napanda Old Moshi kwa baba mdogo, sio kugombania kihamba, nataka tu aione kadi.

Jumanne tulienda kliniki. Tulikaa foleni toka saa moja mpaka saa saba, amechomwa sindano, tumeandikiwa tarehe ya mwezi ujao, nimeiandika ukutani kwa chaki na mama ameiandika kwenye kalenda ya kanisa. Taa ya sebuleni tunaiacha, luku inakwenda mbio lakini basi. Jana usiku alilala mpaka saa kumi na mbili, mwanangu mdogo ndio aliyemwamsha, akaenda chooni bila kuuliza mtu. Mama alinikonyeza tu, tukanyamaza.

Fundi wa Majengo, kaka aliuliza huyo fundi anayeacha taa anakaa mtaa gani. Anajua kushona kidogo, nikuje naye lini? Asubuhi au jioni?