Tupeane uzoefu: umewahi kuambiwa uchague kitu kimoja tu kinachoiwakilisha Tanzania?

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauanzisha kwa sababu ya aibu iliyonipata miaka kadhaa nyuma nikiwa masomoni ughaibuni. Chuo kiliandaa siku ya mataifa. Kila nchi meza moja, bendera moja na picha moja kubwa. Moja tu. Sikuumiza kichwa: nikachapisha Mlima Kilimanjaro, theluji juu, tembo chini, safi kabisa. Nafika ukumbini, meza ya Kenya iko ya pili kutoka kwangu, na juu yake kuna mlima uleule na tembo wale wale. Damu ikachemka. Nikamfuata yule dada: "Dada, huo mlima ni wetu." Akacheka. "Mlima ni wenu, sikatai. Lakini hiyo picha yako imepigiwa wapi?"

Nikarudi mezani kuitazama vizuri. Amboseli! Yaani nimesafiri na picha ya Kenya kwenda kuitangaza Tanzania.

Tangu siku hiyo swali limeniganda. Tuna mlima wa mita 5,895, tuna Serengeti, Ngorongoro, magofu ya Kilwa, Mwenge, twiga, tanzanaiti inayochimbwa Mirerani peke yake dunia nzima, na bado ukiambiwa taja kimoja unashikwa na kigugumizi. Naomba tusiorodheshe vivutio kama kipeperushi cha utalii. Leteni visa: lini ulilazimika kuchagua, ulichagua nini, ikawaje. Karibuni.

#2
Foleni.

(Natania, endeleeni.)

#3
Mimi ni mwalimu wa Uraia. Kila mwaka nawapa kidato cha kwanza zoezi moja: fungeni madaftari, choreni nembo ya taifa kwa kichwa. Mnaoisoma hapa jaribuni kabla hamjaendelea.

Bibi na Bwana wanakumbukwa na wote, na zile pembe za ndovu walizozishika. "Uhuru na Umoja" pia haiwapi shida. Kasheshe ni ngao. Mwenge unaelea hewani, shoka halipo, jembe linachorwa la kukokotwa na ng'ombe. Chini ya miguu ndiyo basi tena. Wengi wanachora majani tu. Ni mche wa karafuu upande wa mwanamume na pamba upande wa mwanamke, na wote wamesimama juu ya Kilimanjaro.

Kuna mwaka binti mmoja alichora mahindi, yamebeba vizuri kabisa, hadi ndevu zake. Nikamuuliza mahindi ameyatoa wapi. Akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, pamba sijawahi kuiona." Nikamkata alama, kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka. Lakini lile jibu nimelala nalo siku nyingi.

Kwa hiyo mleta uzi, chaguo langu ni nembo. Walioibuni walikwishapata tabu yako, wakaamua kubeba vyote.

#4
Assalaam alaykum. Nyinyi mnagombea mlima, mie nimezaliwa Unguja na mlima huo nimeuona nikiwa mtu mzima na watoto wawili, tena dirishani mwa ndege.

Mgeni akinijia, swali la nimpeleke wapi sikuwa nalo. Moja kwa moja Beit al Ajaib. Imejengwa 1883 zama za Sayyid Barghash, na mimi nikisimama pale Forodhani nikiieleza ungedhani nimeijenga kwa mikono yangu. Disemba 2020 sehemu kubwa ikaanguka, na watu wakafa humo. Sikwenda kutazama siku ile. Nilipokwenda baadaye, na mgeni, nilikuta mabati na kiunzi, nikashindwa kueleza. Mgeni akaniuliza, "Ndiyo hii?" Nikamwambia ilikuwa.

Siku hizi nafanya hila. Natoa noti ya elfu mbili mfukoni, naigeuza nyuma. Hapo ipo Ngome Kongwe, jirani yake khasa. Namsimamisha mgeni mbele ya ngome, nampa noti alinganishe mwenyewe. Wanafurahi kama watoto. Tahadhari: wengine hujisahau wakaitia mfukoni.

Mwalimu #3, ahsante kwa karafuu. Bara wengi hawajui kama imo.

#5
Mpingo. Na nina ushahidi.

Baba yangu mdogo alikuwa mchonga vinyago, sisi ni Wamakonde wa Mtwara. Utotoni kazi yangu ilikuwa kusugua kwa msasa, kwa hiyo mpingo naujua kwa pua kabla ya macho. Watu wanadhani mti mzima ni mweusi. Hapana. Weusi uko moyoni, pembeni kuna utando wa rangi ya krimu, na fundi mzuri anauacha makusudi sehemu fulani ili mnunuzi aone kwamba hakudanganywa. Maana kuna wanaochonga mti laini wowote na kuupaka dawa ya viatu. Sugua kwa kitambaa kibichi, kiwi yote inabaki kitambaani. Au tumbukiza majini: mpingo unazama kama jiwe.

Sasa kisa. Nilipata kazi nje, siku ya kwanza tukaambiwa kila mgeni alete kitu cha kwao. Nikapeleka kijiko alichonichongea baba mdogo. Kikapita mkono kwa mkono, mtu mmoja akasema kwa upole, "Plastiki nzuri." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaonyesha ule mstari wa krimu kwenye mpini, bado naona wananionea huruma tu.

Mzee mmoja wa hesabu, mtu asiyesemaga, akakishika muda mrefu. Akakinusa! Akaondoka bila kuaga. Kesho yake akaja na kiboksi, ndani kuna klarineti aliyoipiga tangu ujana wake. Akaiweka kando ya kijiko. Weusi uleule. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo hutoka kwetu na kwa jirani zetu Msumbiji. Miaka yote hiyo yule mzee alikuwa anapuliza mti wa kina baba mdogo, na hakuna aliyemwambia unaitwaje. Nikamwambia: mpingo. Alilitamka vibaya, lakini alilitamka.

#6
Mwenge. Shule yetu ilikuwa kando ya barabara kuu. Tuliamshwa usiku wa manane, sare zimepigwa pasi ya mkaa, tukapangwa mstari huku tunatetemeka. Tukasubiri hadi jua likawaka. Ulipopita ni sekunde chache: kijana anakimbia, moshi, harufu ya mafuta ya taa, kwisha. Nililia, na hadi leo sijui kwa nini.

Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba ule wa kwanza ulipandishwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa Uhuru, 1961. Mimi nikaamini ni moto uleule, haujawahi kuzimika. Msinirekebishe.

Ukubwani nimeukuta upande wa pili: kijijini kwetu tulipangiwa michango ya mapokezi, na zahanati iliyozinduliwa siku hiyo ilikaa muda mrefu bila mhudumu. Nikachukia. Halafu nikiona picha yake popote, lile baridi la alfajiri linanirudia. Sasa sijui nichague au nikatae.

#7
Natembeza wageni Dar. Jibu langu litawaudhi: Sanamu ya Askari pale Samora.

Najua, ya mkoloni. Mwingereza aliiweka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Lakini msome maandishi yake, yamo na ya Kiswahili: inawataja wapagazi, wale waliokuwa miguu na mikono ya jeshi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Babu yangu alisimulia kuhusu baba yake kubebeshwa mizigo kwenye vita ile, na kaburi lake hatulijui. Wageni nawapa historia ya juu juu. Nikiwa peke yangu napita upande ule kwa makusudi.

#8
Twiga kaonewa. Mnyama wa taifa, timu ya taifa ya wanawake inaitwa Twiga Stars, lakini zikaja noti: elfu kumi tembo, elfu tano kifaru, elfu mbili simba. Labda shingo haikuenea kwenye karatasi.

#1
Nimecheka na nimenyamaza. Mwalimu #3, nimejaribu kuchora. Shoka nimesahau, na miguuni nimeweka migomba.

#7, usijali, hujaniudhi.

#5 mkuu, mwezi ujao nasafiri tena, na safari hii sitaki picha. Kile kijiko unakiuza?

#5
Hakiuzwi.