Lami au zege: ipi inachafua mazingira zaidi mpaka barabara inakufa?

msaka_GPA: Wakuu habari za humu, niko mwaka wa mwisho uhandisi, project yangu ni kulinganisha barabara ya lami na ya zege kimazingira, kuanzia mawe yanachimbwa mpaka barabara inavunjwa. Mfano wangu ni njia za mabasi ya mwendokasi Dar, zile za zege. Kila nikipiga hesabu ya hewa ukaa kwa kilomita moja, saruji inaniharibia kabisa, supervaiza anasema hesabu haijaisha na hasemi imebaki nini. Msaada jamani

fundi_kokoto: Lazima ikuharibie mkuu. Njia moja upana mita 3.5, unene sentimita 25, kwa kilomita ni kyubiki 875, weka kilo 350 za saruji kila kyubiki unapata tani 300 na ushee. Tani moja ya klinka (yale madonge ya tanuruni yanayosagwa kuwa saruji) inatoa zaidi ya kilo 800 za hewa ukaa na zaidi ya nusu inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, sio kwenye moto, yaani hata ubadilishe makaa ya mawe hiyo nusu iko palepale. Barabara ya lami, lami yenyewe kwenye mchanganyiko ni kama asilimia 5 tu, ila kokoto zake zinapashwa nyuzi 150 hivi, usiruke hilo, na malori ya kutoka machimbo ya kokoto Lugoba pia

mama_greda: Mbona mnaishia siku ya kukata utepe? Usilinganishe kilomita, linganisha kazi. Sema miaka 40, mabasi yaleyale, uzito uleule, halafu hesabu lami itakwanguliwa na kumwagwa upya mara ngapi humo. Ekseli ikibeba mara mbili uharibifu unaenda kama mara 16, na pale kituoni basi linafunga breki na kuondoka kutwa nzima kwenye jua la Dar, lami inajichimba mifereji ya matairi

msaka_GPA: Nimekupata dada. Na mafuta ya magari niweke?

mama_greda: Yote hapana, yatameza kila kitu. Weka ile ziada tu inayoletwa na uso mbovu. Kwenye barabara ya magari mengi inaweza kugeuza jibu, barabara ya kijijini wala usihangaike

fundi_kokoto: Ubovu wa miaka 40 ijayo ni ramli hiyo, dogo piga mara mbili, nayo na bila nayo, uonyeshe zote. Na lami iliyokwanguliwa ikirudi mtamboni kutumika tena, ule unafuu ipe barabara ya zamani au mpya, usiuhesabu kotekote, hapo ndo wengi wanakamatwa kwenye presentesheni