Tupeane uzoefu: wale ambao maziwa yanawatesa tumbo, tukutane hapa

Mlinda Lango
Wakuu, heshima kwenu. Juzi mpwa wangu kaniletea glasi ya maziwa, nikaikataa. Akaniuliza, "Mjomba, kwani maziwa yamekukosea nini?" Nikaishiwa jibu, na yote yakanirudia.

Kwa miaka sita niliamini nina vidonda vya tumbo. Mtu niliyemwamini aliniambia ninywe maziwa kabla ya kulala, yanapoza. Nikawa nakunywa saa nne usiku. Ikifika saa sita tumbo limevimba, limekaza kama ngoma, linaunguruma mpaka mke wangu anaamka. Asubuhi chooni mara tatu. Na kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo nilivyozidi kuongeza maziwa, maana niliyaona ndiyo dawa yenyewe.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni siku ya usaili wa kazi. Asubuhi nilipiga glasi mbili ili tumbo litulie. Nimekaa mbele ya watu watano, swali la pili tu, tumbo likalia kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa anaandika akasimamisha kalamu na kunitazama. Nikajikaza. Jasho linashuka mgongoni, swali nalisikia ila silielewi. Nikaomba kutoka. Niliporudi, kwenye kile kiti alishakaa mtu mwingine. Sikuitwa tena.

Daktari wa nne ndiye aliyeniuliza ninakula nini na saa ngapi. Akanipeleka kwenye kipimo cha pumzi. Unafunga tangu usiku, unapewa maji yenye laktosi, ile sukari ya maziwa, kisha unapuliza kila baada ya muda kwa saa kama tatu hivi. Gesi ya haidrojeni kwenye pumzi yangu ilipanda sana, ishara kwamba laktosi haisagiki tumboni. Miaka sita, jamani. Nani mwingine kapitia haya?

Kamba Mbili
Umenigusa pabaya. Nilijua niko peke yangu.

Dada wa Maabara
Pole sana kaka. Kipimo hicho nimekifanyia watu wengi, acha nieleze kinachotokea.

Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na mwili hauwezi kuifyonza mpaka zitenganishwe. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichopo kwenye vijidole vidogo sana vinavyofunika ukuta wa utumbo mwembamba. Laktasi ikiwa kidogo, laktosi inapita nzima mpaka utumbo mpana. Kule inavuta maji, ndiyo kuhara. Na bakteria wanaoishi kule wanaichachusha, ndiyo gesi, ikiwemo haidrojeni, na ule mngurumo. Sehemu ya hiyo haidrojeni inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Ndiyo maana tunapima pumzi kujua ya tumboni.

Dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili. Ukinywa saa nne na kuamka saa sita, mwili umeshakupa jibu.

Mchunga Zamani
Mababu zetu walikunywa maziwa maisha yao yote. Haya magonjwa yametoka wapi? Chemsheni maziwa vizuri, mnakunywa mabichi halafu mnalalamika.

Dada wa Maabara
Mzee wangu, kuchemsha kunaua vijidudu, laktosi inabaki palepale. Na kusema kweli huu si ugonjwa. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani laktasi yao hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wanaoendelea kunywa bila shida ndio wenye badiliko kwenye vinasaba. Mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao wenyewe, tofauti na lile la Ulaya. Kwa hiyo kama babu yako alikunywa na wewe unakunywa, shukuru, ila usimlazimishe jirani.

Mchunga Zamani
Sawa, kwa hilo nimekusikia. Lakini ya mbuzi hayana shida.

Fundi Saa
Yana shida mzee. Nilihamia ya mbuzi mwezi mzima, tumbo lilelile. Laktosi imo, imepungua kidogo mno.

Mama wa Watatu
Naomba mnisome wote, maana neno "ni gesi tu" karibu liniondolee mtoto.

Wa mwisho alikuwa na miezi saba. Nilipompa maziwa ya kopo mara ya kwanza, akatoka vipele kuzunguka mdomo. Nikauliza, nikaambiwa tumbo halijazoea, niendelee kidogo kidogo atazoea. Siku ya tatu nilimpa vijiko vinne. Nafuta kijiko, namgeukia, midomo imevimba, jicho moja limeziba. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kisha akanyamaza. Ule ukimya ndio uliniogopesha. Akanilegea mikononi kama nguo iliyolowa. Nilikimbia pekupeku. Walimchoma sindano ya adrenalini pajani, na baada ya dakika chache akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Ilikuwa mzio. Haikuwa laktosi kabisa.

Kamba Mbili
Mungu wangu. Pole mama. Anaendeleaje?

Fundi Saa
Pole sana mama. Na aliyekwambia uendelee kumpa, ulimrudia ukamweleza?

Mama wa Watatu
Yuko salama, ana miaka minne sasa. Nilimrudia, nikamweleza, akalia pamoja nami.

Dada wa Maabara
Mama, asante kwa kulisema. Mzio ni kinga ya mwili kupigana na protini za maziwa, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua. Laktosi inatesa tumbo, haivimbishi midomo wala kuziba pumzi. Ukiona vipele, uvimbe au kukohoa ghafla, kimbia hospitali. Na mtoto mwenye mzio asipewe maziwa yaliyoondolewa laktosi, protini zote zimo.

Mwanafunzi wa Usiku
Mimi ilinijia ghafla baada ya kuharisha wiki nzima. Kila maziwa yakawa adui. Nikaambiwa utumbo umechubuka, laktasi itarudi. Baada ya wiki kadhaa ikarudi kweli, sasa nakunywa kama kawaida.

Fundi Saa
Mimi nasema acha kabisa. Ukishaacha, umepona.

Dada wa Maabara
Si lazima. Wengi wanamudu glasi moja, kama gramu 12 za laktosi, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mtindi ni nafuu kwa sababu bakteria wake wanakusaidia kusaga. Jibini gumu lina laktosi kidogo mno. Ukiacha vyote, tafuta kalsiamu kwingine: samaki wadogo wanaoliwa na mifupa, mboga za majani.

Kamba Mbili
Kumbe ndiyo maana maziwa yasiyo na laktosi yana utamu wa ajabu? Nilidhani wameongeza sukari.

Dada wa Maabara
Hawajaongeza. Wameweka laktasi, ile sukari ikatengana, na glukosi na galaktosi zina utamu kuliko laktosi yenyewe.

Mlinda Lango
Nimesoma yote. Mama wa Watatu, simulizi yako nimemsomea mke wangu, hajasema kitu, kaenda kumwangalia mtoto wetu aliyelala.

Leo mchana mpwa wangu kanimiminia nusu glasi, nikanywa katikati ya chakula. Amekaa na saa mkononi ananihesabia. Saa mbili na nusu zimepita, tumbo kimya.

Kamba Mbili
Kesho na mimi najaribu nusu.