Msaada wakuu: neno "interest" kwenye mkataba lina maana gani?

Mnyaki_wa_Tukuyu: Wakuu habari. Kuna mtu ananikopesha hela nipanue shamba la parachichi. Karatasi zote ni Kiingereza, na "interest" imejaa humo. Kamusi inasema riba, tena inasema shauku. Nishike ipi? Ijumaa nasaini.

Kokwa: Miche nunua ya Hass iliyobebeshwa, mkuu. Mjomba wangu kule Njombe alipanda kokwa, miaka inakatika anaangalia majani tu. Halafu wanunuzi wakija...

Dada wa Forest: Kaka, acha miche kwanza. Neno hilo ni riba, ni kupendezwa, ni maslahi, na kwenye ardhi ni haki ya mtu juu ya mali. Limekaa kwenye sentensi gani?

Mnyaki_wa_Tukuyu: "Right, title and interest in the farm." Nilidhani riba italipwa kwa mavuno.

Dada wa Forest: Hapo hapana riba kabisa! Unamkabidhi haki zote za shamba. Shamba ni la nani?

Mnyaki_wa_Tukuyu: Kwenye hati ya kimila kuna jina la mama. Ila tangu mzee afariki mimi ndiye ninayelilima. Na huyu mtu namfahamu, tunasali naye. Nusu ya hela nimeshapokea, mashimo yamechimbwa.

Mzee Uyole: Mwanangu, mama ana habari? Siku hizi vijana mnauza mpaka kaburi la baba.

Mwanjelwa Boy: Chai hii. Asubuhi hujasaini, mchana hela umepokea, jioni shamba la mama.

Mnyaki_wa_Tukuyu: Si chai. Nilichouliza ni maana ya neno, ya mama hayakuhusika.

Dada wa Forest: Yanahusika kuliko yote. Huwezi kutoa haki ambayo si yako. Hata mama mwenyewe akitaka kuihamisha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Mwambie huyo anayekukopesha aandike mkataba upya kwa Kiswahili: kiasi, riba, tarehe ya kulipa, basi. Msaidizi wa kisheria aupitie, hatakutoza kitu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inavyosema.

Mnyaki_wa_Tukuyu: Atakasirika, atadai nusu yake. Na mama yuko kwa dada Tunduma, anarudi Jumapili.

Mzee Uyole: Simu ipo. Mpigie usiku huu.